Dawa ya Ukurutu Si Singo ya Mwali

Dada zetu, mama zetu na wali wote mnaohesabu siku,

Mfunguo Mosi umeingia, harusi zimefuatana kama ushanga, na sisi tunaoshona magauni ya maharusi cherahani zetu hazilali. Pamoja na shughuli zote hizo, tumeona msimu huu usipite bila ya kusema neno, na mtatuwia radhi likiwa chungu. Kuna watu wanawauzia wali dawa za hospitali kwa jina la kipodozi. Wana krimu ya kung'arisha kwenye kopo lisilo na lebo, na wana vidonge vya kuongeza mwili kwenye kijifuko cha nailoni. Mara nyingi kilichomo humo ni kitu cha ukoo mmoja: steroidi. Tunataka biashara hiyo ikome. Hatubembelezi, tunataka.

Sisi si madaktari wala si masheikh. Tumesoma skuli ya sekondari, tukajifunza ushoni, tukafungua duka. Lakini kusoma tunajua, kuuliza hospitali tunajua, na mwili wa mwanamke tunaujua kwa futi.

Futi haidanganyi

Mtu akinenepa kwa chakula na raha, hunenepa kote. Kiuno kikiongezeka inchi mbili, nyonga nazo huongezeka, na mkono nao hujaa. Tukikata gauni huwa tunaacha nafasi kwenye mishono kwa ajili hiyo, maana mwali akikaa ndani hapungui.

Sasa tunaona maumbile mengine. Mwali anapimwa Rajabu, anarudi kujaribu gauni mwisho wa Shaabani. Kiuno kimeruka inchi nne, zipu haipandi mgongoni. Kola inabana, kwa sababu nyama imejaa nyuma ya shingo. Uso umekuwa duara na mashavu yamevimba. Lakini mikono ya gauni ile ile inapwaya, kwa sababu mikono yake imekonda, na miguu pia. Ukimpima kifua unakuta michirizi mipana kwapani na tumboni, mingine ya rangi ya zambarau. Futi ikimbana kidogo tu, kesho yake pana alama ya kuvilia damu.

Mashangazi wanapiga vigelegele kwamba mwili umekubali. Hospitali hali hiyo ina jina. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, aliandika juu yake mwaka 1932: uso wa duara, tumbo kubwa, mikono na miguu myembamba, ngozi nyepesi, michirizi, presha. Wagonjwa wake walikuwa na uvimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ukiwafanya watoe homoni kupita kiasi. Leo sababu kubwa ya hali hiyo ni dawa za steroidi zinazotoka nje ya mwili. Yaani bibi harusi anaununua ugonjwa wa Cushing kwa fedha za mahari yake.

Homoni yenyewe ni ipi?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia. Inaitwa tezi ya adrenali. Kila alfajiri tezi hizo hutoa kwa wingi homoni ya kotisoli, ndiyo inayotupa nguvu ya kuamka. Kotisoli inashika presha isianguke, inaweka sukari kwenye damu tukiwa na njaa, inatuliza uvimbe, na inatubeba tukipata homa, ajali au uchungu wa uzazi. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza ugonjwa wa watu ambao tezi hizo zimeharibika. Walichoka, walikonda, walitapika, na enzi zile hapakuwa na dawa ya kuwaokoa.

Dawa ilikuja karibu miaka mia baadaye. Mwaka 1948, katika mji wa Rochester jimbo la Minnesota, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke mwenye baridi yabisi kali dawa ya kotisoni. Hakuwa akiweza kutembea vizuri, na baada ya siku chache alitembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini madaktari walikwishaanza kuona upande wa pili: nyuso zinavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofu. Tangu hapo kila daktari anafundishwa kwamba steroidi hupimwa, huhesabiwa siku, na hupunguzwa taratibu.

Elewaneni na sisi hapa. Steroidi kwa daktari ni neema. Inamfungulia pumzi mwenye pumu. Inamtuliza mwenye lupasi. Mama anayetaka kujifungua kabla ya wakati hudungwa sindano yake ili mapafu ya mtoto yakomae. Mwaka 2020, katika utafiti uliofanywa Uingereza, deksamethasoni ya miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye oksijeni. Tazameni hesabu iliyomo humo: miligramu zinajulikana, siku zinajulikana, na mgonjwa yuko kitandani anaangaliwa. Muuza vijifuko ana hesabu gani?

Hesabu ya krimu

Krimu inayowekwa kwenye mikorogo mara nyingi ni klobetasoli, au betamethasoni. Kwenye boksi klobetasoli imeandikwa kwa herufi c, basi mkiona jina linaloanza na "clobeta", jueni ndiyo hiyo. Ni dawa ya ukurutu mkali na magonjwa mengine ya ngozi yaliyoshindikana. Katika krimu za steroidi ziko dhaifu, za kati na kali, na klobetasoli iko kwenye kundi la juu kabisa. Nguvu yake ni mara mia kadhaa ya haidrokotisoni, ambayo ndiyo dhaifu.

Maelekezo yake yanasema isipakwe zaidi ya wiki 2 mfululizo, na kwa wiki isizidi gramu 50. Sasa tupige hesabu kama tunavyohesabu kitambaa. Kumpaka mtu mzima mwili wote mara moja huchukua gramu 20 hivi. Mwali akipakwa mara moja tu kwa siku, kwa wiki ni gramu 140, karibu mara tatu ya mpaka. Akipakwa asubuhi na usiku, ni gramu 280. Na wao hawapaki wiki mbili. Wanaanza miezi mitatu kabla ya harusi.

Kwa nini inang'arisha? Inabana mishipa midogo ya damu hadi ngozi inapauka, na inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Wakati huo huo inazuia ngozi isijijenge, na ngozi inakuwa nyembamba. Fundi yeyote anajua kitambaa kilicholika kinavyokuwa: dukani kinang'aa, ukitia sindano kinachanika. Ngozi ya namna hiyo ikipata jeraha huchelewa kupona, na siku daktari akihitaji kushona baada ya upasuaji wa uzazi, uzi unashika kwa taabu. Usoni hutoka chunusi, vinyweleo na mishipa myekundu, na poda ya mrembaji haikai. Mwenye choa akipaka, wekundu unatulia kwa muda huku fangasi wanatambaa chini yake. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, inaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Na haibaki kwenye ngozi. Klobetasoli imeonekana kuzilaza tezi za adrenali hata kwa gramu 2 kwa siku. Gramu 2 ni krimu ya kutosha kupaka eneo la viganja vinane tu.

Tezi zikilala

Hapa ndipo penye hatari ambayo wauzaji hawaitaji hata mara moja, basi tuieleze kwa mfano wa dukani. Ubongo ni mwenye duka na tezi za adrenali ni mafundi. Kila siku mwenye duka anatuma oda, na mafundi wanashona. Siku moja anaona stoo imejaa magauni kutoka nje. Haoni haja ya kutuma oda. Mafundi wanakaa bila kazi, wanafunika cherahani, na miezi ikipita mkono unasahau. Steroidi ya kopo na ya kijifuko ndiyo magauni ya nje. Mwili unaona kotisoli imejaa, unaacha kutengeneza yake, na tezi zinasinyaa.

Kisha harusi inakwisha. Fungate imekwisha, fedha za kununua vidonge zimekwisha, bibi harusi anaacha ghafla. Stoo ni tupu na mafundi wamelala. Anachoka hata kunyanyua ndoo hawezi. Anasikia kichefuchefu, anatapika, akisimama anaona kizunguzungu. Mawifi wanacheka kwamba ni mimba. Ikiwa wakati huo ataingiwa na homa kali au malaria, au akahitaji upasuaji, mwili wake hauna kotisoli ya kuubeba. Presha inaanguka, sukari inashuka, na anaweza kufa. Daktari hajui kwamba huyu alikuwa akinywa steroidi, kwa sababu mwenyewe aliambiwa ni vitamini.

Vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya kunenepa mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni. Deksamethasoni ni kidogo kwa macho tu. Miligramu 0.75 yake ina nguvu sawa na miligramu 20 za haidrokotisoni. Mgonjwa wa Addison, ambaye tezi zake hazifanyi kazi, hupewa haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku kufidia haja yote ya mwili. Kwa hiyo mwali anayemeza vidonge viwili vya miligramu 0.5 amekwishapita haja ya mwili mzima, na tezi zake mwenyewe bado ziko. Unene anaoupata ni maji na mafuta yaliyohamia usoni, shingoni na tumboni, huku nyama ya mikono na mapaja ikiyeyuka. Hedhi inaweza kuvurugika. Msichana anayeombewa dua ya watoto anapelekwa kwa mumewe hali homoni zake zimepinduliwa.

Majibu yao, na yetu

Wanasema: "Mbona hospitali wanatoa dawa hiyo hiyo?" Hospitali wanatoa na sindano ya usingizi pia. Hatujasikia mtu akiiuza kwenye sherehe ya hina.

Wanasema: "Waume wanapenda weupe." Posa ililetwa kwa msichana mwenye rangi yake. Mama mkwe alimuona, wifi alimuona, bwana harusi aliuliza akaambiwa. Walimtaka yule. Nyinyi mnampeleka mwingine, ambaye rangi yake itarudi baada ya miezi miwili ikiwa na madoa na muwasho, kisha mnamlaumu mume akishangaa.

Wanasema: "Mwili wangu, ngozi yangu." Haya, lakini hiari ni ya anayejua. Aliyeuziwa klobetasoli akaambiwa ni mchanganyiko wa liwa na asali hakuchagua kitu. Amedanganywa. Na akiwa mjamzito, hayuko peke yake: tafiti zimehusisha matumizi makubwa ya krimu kali za steroidi wakati wa mimba na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Wanasema: "Tunatafuta riziki." Na sisi tunatafuta. Sote tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji ambao mwenye biashara aliuficha chini. Alimkemea, na akamtoa mwenye kudanganya katika kundi lake. Yule alificha maji tu. Wewe unaficha homoni. Na habari ya rangi tusiambiane kana kwamba hatusomi: katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, tofauti za rangi zetu zimetajwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Fatwa waulizeni wenye elimu. Sisi tunasema aliyeifanya rangi yako kuwa ishara hakukosea.

Na sheria nayo iko wazi. Nchini kwetu kipodozi hakitakiwi kuwa na steroidi kwa kiwango chochote, sawa na zebaki na haidrokwinoni. Hapa Zanzibar tuna Wakala wa Chakula na Dawa, na Bara kazi ya vipodozi iko kwa Shirika la Viwango tangu mwaka 2019. Kopo lisilo na lebo, lisilotaja viambato, halina utetezi.

Tunachotaka

Warembaji na wapambaji: mkiletewa kopo lisilo na lebo, msilipake kwa mtoto wa mtu. Akina somo na makungwi: nyinyi ndio mnaoingia ndani na mwali, neno lenu linashinda letu. Singo mnayo. Mna liwa, mawaridi, karafuu, asumini, hina na udi. Bibi zetu walitoka nje wananukia na ngozi zao zilibaki kuwa zao. Mama wa wali: kijifuko cha vidonge kikiingia ndani ya nyumba, ulizeni jina lake, na kama muuzaji hana jina la kuwatajia, mrudishieni. Mwali aliyekonda apewe uji, samaki, maharage na usingizi, na kama bado anakonda apelekwe akapimwe, huenda ana maradhi. Wenye maduka ya dawa: steroidi za kunywa na krimu kali ni za cheti cha daktari, na mnalijua hilo kuliko sisi.

Wewe ambaye umekwishaanza, usione haya na usifanye haraka. Tunakuomba hili kwa msisitizo: kama umekunywa vidonge hivi kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla kwa sababu umesoma maneno yetu. Chukua kijifuko au kopo lenyewe, nenda nalo hospitali, mwambie daktari umetumia nini, kiasi gani na kwa muda gani. Yeye atajua namna ya kukupunguzia. Krimu kali nayo ikiachwa ghafla, ngozi inaweza kuwaka, kuvimba na kutoa maji, na watu wengi hurudi kupaka kwa sababu ya moto huo, basi pata msaada. Ukiwa na mimba, mwambie mkunga. Ukienda kufanyiwa upasuaji, sema hata kama mama mkwe amesimama mlangoni. Ukitapika bila kukoma, ukalegea na kuzimia, watu wako wakukimbize hospitali na wataje neno steroidi.

Na nyinyi mnaotumia steroidi kwa agizo la daktari, kwa pumu, lupasi au maradhi mengine, haya maneno hayakuhusuni. Msiache dawa, wala msifunge bila ya kumuuliza daktari wenu.

Dukani kwetu tumebandika karatasi ukutani, chini ya orodha ya bei: gauni litarekebishwa kufuata mwili wa bibi harusi, wala mwili hautarekebishwa kufuata gauni. Kuachia mshono ni kazi ya nusu saa. Atakayeona bado ni mwembamba, tutamtia bitana. Atakayeona ni mweusi, tutamtafutia kitambaa kinachopendeza kwenye rangi yake, na viko tele.

Mwenyezi Mungu awajaalie wali wetu afya, ndoa zenye mapenzi na huruma, na awalinde na wenye kuwafanyia biashara miili yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.